Lundo la Siku Mbili

Mkufunzi aliletwa kutoka Mwanza, na alikuja na picha za wanyama. Tulikuwa akina mama kama arobaini kwenye ukumbi wa kanisa pale Musoma mjini, kila mmoja na daftari jipya na soda yake, naye akawa anarusha picha ukutani moja baada ya nyingine: siafu, nyuki, buibui, mwewe. Alisema mfanyabiashara mdogo hahitaji chuo, shule yake iko porini, awatazame tu viumbe wa Mungu wanavyoishi. Nyuki anatufundisha kuweka akiba, akasema. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba nyuki akishaweka akiba anakuja mtu na moshi anabeba yote, tukacheka mpaka tukaonywa.

Mimi nilirudi nyumbani na mwewe. Mkufunzi alisema mwewe hangoji kifaranga akue, akimwona anashuka hapo hapo, na biashara nyingi zinakufa kwa kungoja. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa nikalipigia mstari, maana lilinipendeza. Mimi ni mtu wa haraka tangu utoto. Chai naiepua kabla haijachemka vizuri, misa naondokaga wakati wa matangazo. Sasa mtu akiniambia haraka yangu ni kipaji, tena ananionyesha na ndege wa kuthibitisha, mimi ni nani nimbishie?

Kazi yangu ni unga wa udaga. Udaga unatokana na mhogo mchungu, ule ambao ukila mbichi unaweza kukuua. Unaumenya, unaupanga lundo, unalifunika kwa majani na magunia, halafu unaliacha. Mle ndani kunapata joto, mhogo unalainika na kuota ukungu mweusi wenye manyoya. Ukishaiva unaukwangua ule ukungu, unauvunjavunja, unauanika juu ya jabali, ukikauka unausaga. Mgeni akiona lundo limeota manyoya anasikitika kwamba chakula kimeharibika. Kwetu hapo ndipo kimekuwa chakula, maana sumu imetoka. Ugali wake ni mzito na wa kijivu, ukiula asubuhi na samaki furu wa kuchemsha unafika jioni hujauliza habari ya kula.

Sikuanza na udaga. Miaka kumi na moja nilikuwaga kwenye kiwanda cha samaki, nakata minofu ya sangara nikiwa nimevaa buti nyeupe. Samaki wakapungua ziwani, zamu zikapungua, mwisho tukapungua sisi. Nilikuwa na miaka arobaini na nne, mume alishafariki, nina chumba cha kupanga Kigera, hapo hapo Musoma, binti wa mwisho anayesoma, na mbuzi mmoja. Mama yangu anaishi Butiama, mwendo mfupi kutoka Mwitongo, kwenye kaburi la Baba wa Taifa. Akaniita, akanionyesha shamba lake la mhogo, akasema chukua robo uanzie hapo.

Lazima nilieleze lile shamba, la sivyo mtu hatajua nilikuwa nachezea kitu gani. Kwa mama mhogo haukuwaga wa kuuza. Ulikuwa ghala. Mhogo mchungu unakaa ardhini mwaka, hata miwili, nyani haugusi, nungunungu anapita pembeni, mwizi naye anaogopa. Mama anasemaga mahindi unayalinda wewe, mhogo mchungu unajilinda wenyewe. Mvua ikikataa ndipo anachimba, shina moja leo, shina moja keshokutwa, mpaka mvua irudi. Alitulea watoto saba na hakuna aliyelala njaa, na sababu ni lile shamba.

Miaka miwili biashara ilikwenda. Nilikuwa nanunua mhogo kwa majirani wa mama, naanika kwenye majabali nyuma ya nyumba yake, nasagisha Kigera kwa sababu mashine ya pale inasaga laini. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Manyamanyama, kule Bunda, mwenye duka la nafaka. Tulilingana umri, tukawa tunaitana dada. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anachukua kwa magunia. Wengine wote walikuwa wa kilo moja moja, na kilo moja moja hairudishi hata gharama ya mashine. Alikuwa na neno lake ambalo alilirudia kila nikishusha mzigo: "Dada, unga wako nauza nimefumba macho."

Halafu vuli ikakataa kabisa, na masika ikaja ya kupiga chenga, inanyesha leo inapotea wiki tatu. Majirani wakaacha kuuza mhogo, kila mtu akashikilia ghala lake. Mzigo mmoja nikapeleka nusu, uliofuata sikupeleka kitu. Mteja wangu akanipigia simu. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Alisema kuna mtu wa upande wa Geita anataka kumletea unga, anao mwingi, na yeye anamzungusha kwa ajili yangu tu.

"Alhamisi, dada," akasema. "Magunia matatu. Nikikosa Alhamisi itabidi nimpokee, na nikishampokea yeye nafasi yako haipo tena."

Nilikaa juu ya ndoo nje ya chumba changu nikamwangalia mbuzi wangu akitafuna kipande cha boksi. Maji yalikuwa yamezidi unga. Bila Manyamanyama hakuna biashara, bila biashara chumba kinakwenda na shule ya binti inakwenda, na mimi narudi Butiama kushika jembe kwa mama nikiwa na miaka arobaini na sita. Niliogopa jinsi ambavyo sikuwahi kuogopa hata siku ya msiba wa mume wangu. Msibani watu walikuwepo kunishika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Butiama. Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Mama, nakuomba shamba lililobaki."

"Lote?"

"Lote."

"Na tutakula nini?"

"Nikiuza nitanunua mahindi."

"Mahindi ya wapi? Hiyo mvua imekataa kwenye mhogo peke yake?" Aliendelea kuchambua mboga. Nikamweleza habari ya mtu wa Geita, na ya chumba, na ya binti. Sauti ilinikatika katikati, na wala sikuwa naigiza. Mama akafika mwisho wa fungu lake, akakung'uta mapaja, akasimama. "Jembe liko nyuma ya mlango," akasema.

Hakunikatalia. Mpaka leo ningependa kusema kwamba alinikatalia.

Tuling'oa siku nzima, mimi na wanawake wawili niliowakodi. Mihogo ilikuwa miembamba na migumu. Mama alivunja mzizi mmoja, akaugusa kwa ncha ya ulimi, akatema. "Huu umekasirika," akasema. Akatueleza kwamba jua likiutesa mhogo unaongeza uchungu, ndivyo unavyojikinga, na mwaka kama huu lundo halikai siku nne. Linakaa sita, linakaa saba, na katikati unalifungua, unakwangua, unalifunika tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kwa vidole. Lundo lingefunikwa Jumapili baada ya misa. Kutoka Jumapili mpaka Alhamisi siku saba hazimo, hata ungehesabu ukianzia kidole gani.

Jumatatu asubuhi ikaja habari ya msiba kwa wifi yake, upande wa Buhemba. Mama akafunga kanga zake kwenye mfuko. Kabla hajapanda bodaboda alikwenda mpaka kwenye lundo, akaingiza mkono chini ya majani akapima joto. "Usiliguse mpaka nirudi," akaniambia. Nikamwitikia ndiyo mama, na nilimwitikia vizuri kabisa.

Kuna jambo tunalijua sisi watu wa udaga. Ule ukungu unaokwanguliwa hautupwi wote. Unabakiza kidogo, unaukausha, lundo linalofuata unatia konzi moja katikati uwe mbegu, lisichelewe kuanza. Mama alikuwa na mfuko wake wa ukungu, anauning'iniza jikoni. Alipoondoka tu niliuteremsha, nikaumwaga wote. Wala sikuumwagia katikati. Niliumwaga juu na kuzunguka pembeni, kule ambako jicho linafika.

Jumanne asubuhi nikafunua. Lundo lilikuwa limevaa manyoya meusi kila mahali, limependeza kama lundo la siku tano. Sasa kuna namna ya kupima ambayo hata mtoto wa kwetu anaijua: unachukua kipande, unabonyeza kwa kidole gumba, kikizama mpaka moyoni umeiva, kikigoma unafunika. Nikachukua cha juu, kidole kikazama. Nikachukua cha pembeni, kikazama nusu. Vipande vya chini sikuvibonyeza. Sitaki kudanganya hapa kwamba nilisahau. Mkono ulikuwa umeshaanza kwenda, nikaurudisha.

Nikajisemea mwewe hangoji. Nilisema kwa sauti, pale uani, peke yangu, kama mwendawazimu.

Wale wanawake wawili wakaja kukwangua na kuvunja. Mmoja wao, mtu mzima kunizidi, alifika kwenye vile vya chini, akasema, "Mama, huu mbona unagoma kuvunjika?"

"Jua litaumalizia," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. Akachukua jiwe, akaendelea kuvunja kwa jiwe.

Jua lile lilikuwa la kuua, siku mbili majabali hayakupoa. Jumatano jioni nilikusanya, nikapakia kwenye kigari cha kirikuu mpaka Kigera, Alhamisi alfajiri tukasaga. Ulitoka unga wa kijivu wenye vidoa vyake, na harufu ile ile ya udaga. Wiki hiyo sisi nyumbani tulikuwa tunakula ugali wa mahindi, udaga wote ulikuwa wa oda. Saa nane mchana nilikuwa Manyamanyama nashusha magunia matatu.

Mteja wangu alichota unga kidogo, akanusa, akaviona vidoa, akatabasamu. "Nilijua tu hutaniangusha," akasema. Alinifungia karanga kwenye mfuko nimpelekee binti. Nikarudi Musoma nikitafuna karanga za mtoto njia nzima, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilihesabu kwamba chumba kipo, shule ipo, na mimi sina haja ya kushika jembe.

Usiku ule nililala vizuri. Ijumaa asubuhi nilitoka na jiko nikachemshe chai, nikamkuta mbuzi wangu amelala uani. Jana yake nilikuwa nimekung'uta turubai pale, makombo ya udaga uliokaushwa yakabaki chini, naye alikuwa ameyalamba yote, ardhi ilikuwa safi kama imefagiwa. Alikuwa anahema mbio mbio, mdomo una povu, miguu anaitupa. Nilimmiminia mafuta ya kupikia mdomoni, ndiyo dawa tunayojua kwa mbuzi aliyekula maganda ya mhogo. Yalimwagika pembeni. Kabla maji ya chai hayajachemka alikuwa amenyooka.

Sikulia. Nilisimama na chupa ya mafuta mkononi, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba labda alikula maganda ya mtu mwingine. Nilimtafutia yule mbuzi maganda mtaa mzima kichwani mwangu. Kigera nani anamenya mhogo mchungu asubuhi? Simu ikaita. Ni mama.

"Lundo liko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Nakuuliza lundo."

"Nilianika. Lilikuwa limeiva, mama, liliota ukungu mzuri."

"Siku mbili liliivaje?" Nilisikia anahema, nadhani alikuwa bado hajaweka mfuko wake wa msibani chini. "Nimeokota kipande hapa kwenye jabali nikakitafuna. Ulimi wote umekufa ganzi. Umeshawapelekea watu?"

"Mbuzi wangu amekufa, mama."

"Mbuzi ni mbuzi," akasema. "Nenda."

Nilikwenda kama nilivyo, na kanga ya nyumbani. Kutoka Musoma mpaka Bunda si mbali lakini siku ile barabara ilirefuka. Nilimpigia mteja wangu mara nne, simu inaita haipokelewi. Nilisali. Nilianza kusali kwamba wasiwe wamepika, na nilipofika karibu nusu ya safari nikagundua kwamba maneno yamebadilika mdomoni mwangu, sasa nilikuwa nasali kwamba wasijue. Nikaona aibu mbele ya Mungu. Lakini sikuacha kuisali, na hilo nalisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Nilikumbuka mama alivyotema ule mzizi. Jua liliutesa mhogo ukaongeza sumu, na mimi dhiki ilinitesa nikafanya vile vile, tofauti ni kwamba mhogo haukumwambia mtu kwamba umeiva.

Duka lilikuwa limefunguliwa mlango mmoja tu. Ndani, nyuma ya mizani, mkwe wake, bibi mtu mzima sana, alikuwa amelala kwenye mkeka, ndoo pembeni. Mteja wangu alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Karibu dada," akasema. "Umetukuta kwenye matatizo."

Alinieleza bila mimi kumuuliza. Jana jioni walipika ugali wa unga wangu, wakala na dagaa. Watoto walitapika wakapona. Bibi alitapika mpaka ikawa haitoki kitu, miguu ikamwishia nguvu, wakamkimbiza zahanati akatundikiwa maji, asubuhi hii ndiyo wamerudi naye. "Na mimi mwenyewe kichwa kinazunguka tangu jana," akasema, "nikajua ni presha."

Nikauliza, sijui hata sauti ilitoka wapi, "Mnadhani ni nini?"

"Dagaa," akasema. "Yule mama wa beseni hapo mbele. Nimemfukuza asubuhi hii mbele ya watu wote. Nimemwambia anaanika dagaa kwenye uchafu, anataka kuniulia mkwe. Ameondoka analia, wateja wake wote wamesikia."

"Na unga?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Unga gani? Wako? Unga wako hauna neno, dada. Tena unaisha, nimeshagawa karibu gunia moja."

Mlango ulikuwa nyuma yangu, uko wazi. Ningesema pole, ningemnunulia bibi soda, ningekwenda. Hakuna aliyenituhumu. Dagaa walikuwa wameshabeba kesi, na bibi alikuwa anapona. Unga uliobaki ningeweza kuuomba kwa uongo wowote, ningesema nimekosea gunia, nina mwingine mzuri zaidi, na Alhamisi inayokuja bado ni yangu. Nilivipanga vyote vile, kimoja kimoja, nimekaa kwenye kigoda chake. Bibi aliomba maji akapewa. Akaomba tena akapewa. Alipomaliza kunywa aligeuza uso akaniona, akasema kwa sauti ndogo, "Karibu mwanangu, utanisamehe siwezi kuamka."

"Dada," nikasema, "sio dagaa."

Nilimweleza lundo. Nilimweleza siku mbili, na mfuko wa ukungu, na jiwe, na mbuzi. Nilijua atapiga kelele, na nilitamani apige, nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti. Hakupiga. Aliinuka akaenda kwenye gunia lililofunguliwa, akalifunga kwa kamba, fundo mara mbili. Halafu akachukua kanga yake begani akasema, "Twende tukaurudishe."

Alitangulia, mimi nikafuata na beseni. Nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda. Alikuwa anakumbuka kila aliyempimia. Kila mahali alisema maneno yale yale, kwamba unga umeharibika, rudisha nitakupa mwingine, na hakunitaja. Mama mmoja anayepikia mafundi alikuwa ameshainjika sufuria, maji yanachemka, unga uko kwenye sinia tayari. Tuliusomba kutoka kwenye sinia. Ningechelewa kidogo tu pale kwenye kigoda, mafundi wangekuwa wanakula.

Mwisho alinipeleka kwa mwenye dagaa. Alikuwa amekaa nje kwa jirani yake, beseni limejaa vile vile. "Mwambie wewe," mteja wangu akasema, akasimama pembeni. Nikamwambia. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu hakunijibu mimi, alimgeukia mwenzangu. "Na wale waliosikia asubuhi," akamuuliza, "nao utawazungukia?" Wakaondoka wote wawili kuwazungukia. Mimi niliachwa nimwage unga. Niliumwaga kwenye shimo la choo, magunia matatu kasoro ule walioula, na shamba la mama likaisha hapo.

Baadaye nilikwenda Butiama. Nilimkuta mama ameinama shambani, anakata vijiti vya mihogo tuliyoing'oa na kuvichomeka upya, mstari kwa mstari, kwenye udongo mkavu. Mhogo unahitaji mwaka na zaidi mpaka uwe ghala. Mama ana miaka sabini na kitu. Nilishika kisu nikakata vijiti naye, na hakunisema, alinionyesha tu kwamba nakata virefu mno. Ukame ule tulikula alichotutumia kaka, na siku nyingine uji.

Chumba cha Kigera niliacha. Binti anasoma Butiama, anatembea. Udaga bado natengeneza, malundo madogo, nauza kwa kopo pale pale kijijini. Nabonyeza vya chini kwanza. Kila lundo likitoka kwenye mashine napika ugali nakula mimi, peke yangu, siku nzima nangoja ndipo mtu mwingine apewe. Binti ananichekaga, anasema mama siku hizi unaonja kama mpishi wa mfalme. Simwambii kitu.

Siku ile shambani mama aliniuliza, "Yule mwenzako alisemaje?"

"Alinirudishia magunia," nikasema.

"Basi?"

"Basi, mama."

Nilimdanganya. Magunia ni kweli alinirudishia, ameyakung'uta na kuyakunja vizuri yote matatu, akayafunga na kamba. Alinipa mkononi. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita.

"Dada," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "hiyo wiki wewe na mtoto wako mlikuwa mnakula ugali gani?"

"Wa mahindi," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, akaingia ndani kwa mkwe wake.